Dufu Ndani ya Fuso

Mume wa kwanza wa Naswiba, aliyesomewa hitima na pilau yake ikaliwa, alianza kupiga dufu ndani ya gari la mume wake wa pili. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, jua limesimama wima juu ya Kasese, na hakuna mtu katika ua ule aliyekuwa anaota.

Mahmood alikuwa amefungua milango yote miwili ya Fuso ili aoshe vumbi la njia ya Bwera. Redio ya gari aliiacha iimbe. Naswiba alikuwa mkekani, anachambua maharage. Wimbo ulianza na endara, yale magogo marefu ya watu wa mlimani yanayolazwa juu ya vigogo vya mgomba na kugongwa na watu wanne au watano pamoja, na mlio wake ulikuwa kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya ardhi. Juu yake wakaja wanawake wakivuma midomo imefungwa, kama kwaya ya kanisani iliyokatazwa kusema. Likafuata gitaa la Kikongo, polepole. Mwisho likaingia dufu.

Naswiba akainua kichwa. Sinia likateleza, maharage yakamwagika mavumbini, naye hakuyatazama.

"Zima," akasema.

Mahmood akazima.

"Washa."

Akawasha. Dufu likaendelea pale pale lilipoachia.

"Huyo ni Abubaker," akasema Naswiba, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mahmood angecheka kama si kwamba na yeye alikuwa ameshasikia. Abubaker alikuwa dereva wa lori, na mlango wa nyuma wa lori ulikuwa umemkata nusu ya kidole cha shahada. Tangu siku hiyo, kila pigo la nne la dufu alilipiga kwa kitako cha dole gumba, likachelewa kidogo, kama mtu anayechechemea. Kwenye maulidi watu walikuwa wanamcheka kwa hilo, kisha wanamwomba aendelee. Hapakuwa na mwingine Kasese nzima aliyepiga hivyo.

Lori lake lilichomwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, mbele ya Kasindi, na mwili haukuonekana. Naswiba alingoja miaka minne. Sheikh akatamka kuwa ametoweka kama waliokufa, mwanamke akakaa eda ya mjane miezi minne na siku kumi, akavua nguo za msiba, na wiki tisa zilizopita akaolewa na Mahmood.

Na wimbo ule aliuleta Mahmood mwenyewe. Hakuwa mtu wa baa wala wa mpira. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, nyimbo zisizo na mwenyewe. Kila siku ya soko Bwera alikaa kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo kwenye simu na flashi, akatafuta watu wasiojulikana na redio yoyote: masista waliopiga likembe, kile kinanda cha dole gumba, kwenye zaburi, kijana wa Bwesumbu aliyerap Kikonzo juu ya filimbi za harusi, kipofu aliyechanganya kinanda cha mkono na matangazo ya mnada. Alijisifu kwamba anawafahamu kabla ya dunia. Huu wa magogo na dufu aliupata Jumanne iliyopita, na njiani aliurudia mara sita kwa furaha. Yeye aliushika uzuri wake kabla ya kuushika mkono uliokuwa ndani yake.

Mama yake Abubaker, Hajati Saudah, aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuja bila viatu. Ndiye aliyewapa wawili hawa baraka, na siku ya nikah alimvisha Mahmood kanzu ya mwanawe kwa mikono yake, akasema nguo haipendi kukaa sandukuni. Sasa alisimama mlangoni mwa Fuso, akaweka kiganja pale penye spika, kama mkunga anayepapasa tumbo. Majirani walikuwa wameshajaa ukutani.

Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe. Uliporudiwa alifumba macho.

"Ana mafua," akasema. "Mtoto wangu ana mafua."

Mahmood akaongeza sauti. Ni kweli, nyuma ya dufu, kila baada ya mapigo machache, mtu alivuta kamasi.

Saudah akamgeukia. Hakuwa na hasira. Alimwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo kanzu ivue."

Mahmood alikuwa ameivaa kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Aliivua pale pale uani, mbele za watu, akabaki na fulana yenye tundu kwapani na suruali ya kazi. Mtu ukutani alicheka, akanyamazishwa. Saudah aliikunja kanzu mara nne, akaipakata, akarudi kwake.

Sheikh Muhammed aliuza matairi ya mtumba pembeni ya barabara kuu, na kesi nyingi alizisikiliza akiwa amekalia tairi. Alisikiliza na hii, akasikiliza na wimbo kwenye simu, akakuna ndevu. Alisema yeye si mwanachuoni mkubwa, kwa hiyo atasema analolijua. Kama dufu lile lilipigwa kabla lori halijachomwa, basi Abubaker ni marehemu na Mahmood ni mume. Watu wanaweka sauti za zamani kwenye nyimbo mpya, ameliona hilo.

"Na kama lilipigwa baada ya hapo?" Mahmood akauliza.

"Basi wewe sijui ni nani," akasema Sheikh. "Nenda katafute wenye wimbo. Mpaka hapo, lala kwingine."

Akalala ndani ya Fuso, kwenye kituo cha mizigo. Wapakiaji walimwita bwana harusi, wakamuuliza kama gari linapika. Msikitini hakuna aliyemwambia neno, ila kwenye safu pande zake zote mbili palibaki upana wa mtu mmoja, na imamu alipohimiza watu wakaribiane, walikaribiana upande mwingine. Wimbo nao ulikuwa umeshaingia mjini. Boda ikipita ulipita nao, duka la simu likifunguliwa ulifunguka nao, na kila mahali lile pigo la nne lilichechemea kumfuata. Siku ya tatu alijikuta anatembea kwa mwendo wa pigo hilo.

Jumanne alipakia maharage akateremka Bwera. Alipita Muhokya, akapita nyika ya ziwa ambako upepo ulisukuma gari pembeni, hakuwasha redio. Bado alisikia.

Mwenye kibanda cha nyimbo aliitwa Night, mama mnene mwenye kalamu nywelani, aliyejua flashi ya kila dereva kwa rangi yake. Alimwona Mahmood anavuka barabara, akaanza kucheka kabla hajafika.

"Hajji, na wewe imekukamata?"

Mahmood akamuuliza nini kimemkamata. Night akamweleza kwamba kila mtu aliyeuchukua wimbo ule amerudi. Muuguzi mmoja alirudi analia, amesikia kikohozi cha baba yake. Muuza nyanya alisikia dada yake aliyekufa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mbadilisha pesa mmoja, mtu mgumu, mwenye moyo wa noti, aliomba ufutwe kwenye simu yake, na ulipofutwa akarudi siku ya pili kuuomba tena.

"Kila mutu iko na mutu wake mule ndani," Night akasema.

"Na wewe?"

"Mimi usiniulize."

Mahmood alisikia kifua kinafunguka, kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi. Kumbe ndiyo hivyo. Kumbe ni wimbo unaomwonjesha kila mtu msiba wake. Naswiba alimsikia Abubaker kwa sababu alimlilia miaka minne. Na mafua, nani hana mafua. Angeweza kugeuza gari pale pale. Lakini Sheikh atataka kitu cha kushika mkononi, kwa hiyo akauliza wenye wimbo wanakaa wapi. Night akamwelekeza nyuma ya kanisa, kwa fundi cherehani kutoka upande wa Beni.

Fundi huyo aliitwa Consolée. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, rozari shingoni, futi ya kupimia ikining'inia juu ya rozari. Uani, mwanamume mrefu anayeitwa Ruben alikuwa anakata vigogo vipya vya mgomba, maana vile vya wiki iliyopita vilikuwa vimeoza na magogo ya endara yamezama na kupoteza mlio. Walimpa Mahmood kiti. Alipowaambia amekuja kwa ajili ya wimbo, hawakushangaa. Watu walikuwa wanakuja.

Consolée akamweleza kazi yao ilivyo. Mtu akivuka daraja la mpakani anakimbia vita, wanamlisha kwanza. Akishiba wanamwomba sauti moja tu, ya kitu ambacho mikono yake ilizoea kufanya kwao. Huyu anatwanga, huyu anapiga jembe ardhini, huyu ni wa kwaya, anavuma. Yeye anazishona pamoja kwenye simu, kama kitambaa cha vipande, na Ruben analaza endara chini yake ili zisianguke. Kwao sauti zile zilikuwa za Wakatoliki, za Waprotestanti, za wapagani, za Waislamu. Kwenye wimbo zilikaa meza moja.

"Lakini jina hatuweke, Papa," akasema. "Hata neno moja hatuweke. Zamani nilifanya wimbo, kaka yangu akasalimia ndani watu yetu, kila mutu na jina, kila mutu na kijiji kenye alikimbilia. Wimbo ikatembea. Ikafika kwa wenye walikuwa nawatafuta." Akanyoosha kitambaa kilichokuwa tayari kimenyooka. "Sasa tunakata maneno yote."

Mahmood akauliza, kana kwamba si kitu, kuhusu dufu.

Ruben akaweka panga chini. "Ile ya kidole kifupi," akasema.

Mahmood akatazama pembeni. Palikuwa na lundo la vitambaa vyekundu, na inzi mmoja juu yake.

"Alikuja lini?"

Consolée akafungua simu, akatafuta, akamwonyesha tarehe. Wiki nane kamili zilizopita, Jumanne. Mahmood alihesabu kwa vidole chini ya kiti. Siku kumi na moja baada ya nikah. Na Jumanne hiyo yeye mwenyewe alikuwa Bwera. Alikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo siku aliyomnunulia Naswiba kitenge cha Kongo, akatembea nacho begani soko zima huku anapongezwa.

Mtu yule, walimwambia, alivuka asubuhi, amekonda, mguu mmoja una buti, mwingine una kandambili. Alikula mara mbili. Akasema anaenda kwa wabadilisha pesa kutafuta mtu wa Kasese wa kumpakia mpaka nyumbani. Alirudi uji wake haujapoa. Akakaa. Kisha akaomba ngoma. Walikuwa na ngoma ndogo ya ngozi ya mbuzi. Akaipasha kwenye jiko mpaka ngozi ikakaza, akapiga. Ruben, aliyezaliwa katikati ya endara, alikiri kwamba kwenye pigo la nne nywele zilimsimama.

"Alisema tufikishe Kasese, kwa watu wa musikiti," akasema Consolée. "Tulifikisha. Haikufika?"

"Ilifika."

"Basi, tulifanya."

"Hakusema kitu kingine?"

"Alisema maneno, pale mwisho. Tulikata. Ilikuwa majina mengi."

Mahmood akamfukuza inzi kwa mkono. Akauliza kama yale yaliyokatwa huwa yanatupwa. Consolée akasema hapana, vipande havitupwi, akatoa kadi ndogo kutoka kwenye kopo la vifungo, akaitia kwenye simu. Dufu lilipigwa peke yake, bila magogo, bila wanawake. Likasimama. Mtu akavuta kamasi, akasema:

"Bismillahi. Mimi Abubaker mwana wa Saudah. Niko mzima. Miaka minne nimebeba mizigo ya watu msituni, sikuweza kutuma neno. Leo nimeambiwa hitima yangu imesomwa, na Naswiba yuko kwa Mahmood wa Fuso. Mahmood namjua. Nimemwona sasa hivi sokoni, amebeba kitenge. Sirudi kumfanya mzinifu, wala mke wangu aulizwe barabarani. Nimemwacha Naswiba, talaka moja. Mashahidi ni hawa wawili, si Waislamu, lakini wamenilisha. Mama asilie tena, alishalia."

Kikafuata kimya, na sauti ya Ruben inauliza kama imetosha, na ile nyingine inajibu kwamba imetosha.

Consolée alikuwa anamtazama mgeni wake usoni. "Ni wewe Mahmood," akasema.

"Ni mimi."

"Nikupe, ama nifute?"

Alilisema bila hila, kama fundi anayeuliza upindo uwe mrefu au mfupi. Na Mahmood alijua alichopewa. Kikifutwa kile, hakuna mtu duniani angemshinda kwa hoja. Wimbo una mtu wa kila mtu. Night angeshuhudia, muuguzi angeshuhudia. Angemwambia Sheikh sauti ni ya zamani, na jioni ile angekula nyumbani kwake, amekaa mkekani kwake, mkewe anamnawisha mikono. Alifikiri kwa muda ambao Ruben alikata vigogo vitatu. Si wema uliomwamulia. Aliogopa kulala kando ya Naswiba huku anasikiliza kama kuna mtu anavuta kamasi nje ya dirisha.

"Nipe," akasema.

Alipoinuka aliuliza mtu yule alielekea wapi. Ruben akanyoosha panga upande wa daraja, akarudi kwenye kazi yake.

Walisikiliza sebuleni kwa Saudah, watu wanne: mama mwenye nyumba, Naswiba, Sheikh Muhammed, na Mahmood aliyebaki karibu na mlango, hakukaribishwa kukaa wala hakufukuzwa. Saudah alipomsikia mwanawe anataja jina lake aliitika, "Abee," kama vile ameitwa kutoka uani.

Naswiba alisikiliza mara moja tu.

"Alifika Bwera," akasema.

"Alifika," Mahmood akajibu.

"Bwera hii."

"Hii."

"Saa moja na nusu na gari." Akatazama miguu yake. "Kitenge chenyewe ndicho hiki nilichovaa?"

Naswiba hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akatoka amevaa nguo ya Saudah, kitenge amekikunja, akakiweka juu ya meza karibu na simu.

Sheikh akasema la kusema. Wiki zile tisa si dhambi, kwa sababu hawakujua. Talaka imesikika, lakini tahadhari ni bora. Naswiba ahesabu eda kuanzia leo, twahara tatu za baada ya hedhi, hapa kwa Saudah. Zikiisha yuko huru, na kama yeye na Mahmood wanataka, nikah itasomwa upya na safari hii hakuna wa kuitilia shaka. Alisema kama mtu aliyepata suluhisho. Mahmood alishika maneno hayo kwa mikono miwili.

Alingoja. Alipaka chumba rangi, akaziba dari, akanunua kitanda kipya ili asiwepo mtu wa kusema ni kile cha zamani. Hakupita mbele ya nyumba ya Saudah hata siku moja. Alizunguka kwa nyuma, kwenye mfereji. Miezi mitatu ilipotimia alimtuma Sheikh asubuhi na mapema, amevaa vizuri kama anakwenda kuposa bikira.

Naswiba hakutuma jibu kwa mtu. Alikuja mwenyewe na Sheikh, akasimama nje ya ua wa Mahmood, hakuvuka kizingiti.

"Mahmood, wewe huna kosa," akasema. "Ulinioa vizuri, ukaleta ile sauti wakati ungeweza kuitupa. Lakini mtu alitoka msituni na buti moja kuja kwangu, akakukuta sokoni na kitenge changu. Nikirudi humu nitakuwa nasikiliza mlango. Nawe utakuwa unaniangalia nikisikiliza."

Mahmood alisema anaweza kuvumilia hilo.

"Mimi siwezi," akasema Naswiba. Kisha akamwomba jambo moja, na alilisema huku anatazama Fuso. Yeye na Hajati wanataka kwenda Bwera siku za soko, kukaa karibu na daraja. Nauli hawana.

Gharama ya wimbo ule ni hii. Ndoa moja, wiki tisa. Mahari, iliyorudishwa yote pamoja na kitenge. Miezi mitatu ya eda, juu ya ile minne na siku kumi, juu ya ile miaka minne. Kitanda kimoja kipya, kilichouzwa na karatasi yake ya dukani. Viti viwili vya mbele kwenye Fuso, kila Jumanne na kila Ijumaa, kwenda na kurudi, bila nauli. Wanawake wawili wanaoshuka saa mbili asubuhi na kupanda soko likivunjika, na njia nzima watu watatu hawasemi. Mpaka wiki hii ni safari thelathini na nne. Abubaker hajavuka.